Diski inayokufa: uinakili kwanza au uirekebishe?

Kompyuta inaganda kila ukifungua folda fulani, na kwenye SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe, namba 197, ya sekta (vipande vidogo vya diski) zinazosubiri kuhamishwa, si sifuri tena. Hapo wengi hukimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Tafadhali ngoja kwanza.

Kazi ya chkdsk ni kuweka sawa mfumo wa mafaili, si kuokoa picha zako. Ukiipa /r husoma diski nzima, ikizihangaisha sehemu mbovu, na huandika mabadiliko kwenye diski ileile iliyo mgonjwa. Ikiharibu folda, huna pa kurudi. Inafaa pale diski yenyewe ni nzima, kwa mfano umeme umekatika ghafla ukavuruga mafaili.

ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu, ni njia nyingine kabisa. Unaiendesha kutoka mfumo wa Linux ulio kwenye flashi, unanakili kwenda diski yenye nafasi ileile au zaidi. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, huruka zilizo mbovu, kisha huzirudia mwishoni. Faili lake la ramani hukumbuka ilipofika, kwa hiyo hata ukisimama katikati unaendelea. Ukarabati utaufanya baadaye, kwenye nakala. Inataka diski ya pili na subira, pengine ya siku kadhaa. Hakikisha mara mbili ipi chanzo na ipi ya kupokea: ukizigeuza, unafuta data yako mwenyewe.

Diski ikigonga ko, ko, ko, zima mara moja. Hapo njia zote mbili hazifai, kwani vichwa vya kusomea vinaweza kukwaruza sahani za ndani zinazobeba data. Mpelekee fundi mwenye chumba kisicho na vumbi.