Dawa za asili za kubeba porini: anza na asali, jiwe la nyoka liache

Ukienda Kolo kuangalia michoro ya mapangoni, au ukaweka kambi kokote kati ya Dodoma na Kondoa, kitakachokupata mara nyingi ni mwiba, mchubuko, jua au tumbo. Begi la dawa linunuliwe kwa hayo. Mimi ningepanga hivi.

1. Asali. Hapa sibishani na mtu. Asali hufyonza maji na ina uchachu, kwa hiyo vijidudu vya kidonda havistawi ndani yake. Sokoni Dodoma utakuta ya Manyoni, Itigi na Singida. Muuzaji atakusifia ya nyuki wadogo kwa sababu ndiyo ghali. Ya kulamba, sawa, ni tamu kweli. Lakini ina maji mengi na huchachuka upesi. Ya kidonda chukua ya nyuki wakubwa, nzito. Pindua chupa: kiputo cha hewa kiwe kinapanda juu kwa uvivu. Mchezo wa kuiwasha kwa njiti ya kiberiti hauthibitishi kitu, na iliyoganda haijaharibika. Ihamishie kwenye kichupa cha kifuniko cha kubana. Yangu iliwahi kumwagikia soksi, na asubuhi sisimizi walikuwa wameshafika kabla yangu.

Osha kidonda kwa maji safi, paka asali kwenye shashi, funga. Kama ni kuungua, kwanza mwagia maji ya baridi dakika 20. Mtoto chini ya mwaka 1 asilambishwe.

2. Chumvi na sukari. Si mitishamba, najua. Lakini mtu akiharisha kwenye jua la huku, hakuna mzizi unaoshinda maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko, vijiko vya kusawazisha. Pakiti za duka la dawa ni bora zaidi, kipimo chake hakikosewi.

3. Mafuta ya karafuu. Jino likianza usiku: tone moja kwenye pamba, gusa jino, usimeze. Kichupa kidogo kinatosha miaka.

4. Tangawizi kavu. Ya kichefuchefu cha barabara ya vumbi. Basi.

5. Mafuta ya mwarobaini. Mbu hupungua kidogo tu, chandarua kinayashinda. Yasinywewe kabisa, hasa na watoto.

Shubiri usinunue, omba jani kwa jirani. Acha utomvu wa manjano uchuruzike kwanza, kisha paka ute mweupe penye ngozi iliyochomwa na jua.

Jiwe la nyoka, lile jeusi la kubandika, halinyonyi sumu. Kifutu akikuuma: tulia, vua pete, funga kiungo kwa kijiti kisitikisike, usichanje, usinyonye, wahi hospitali. Hela ya jiwe nunulia kibano cha ncha kali. Mwiba wa mgunga ukikatikia unyayoni ndipo utajua nilikuwa nasema nini.