Tairi pana za baiskeli ya milimani: ipi itakuvusha kwenye matope

Masika yakikaribia, waendesha baiskeli wa msituni hapa Nairobi huanza kuulizana tairi ya upana gani itawavusha. Jibu langu huwakera wengi: upana baadaye, tazama meno kwanza. Tairi ya inchi 2.6 yenye meno mafupi yaliyosongamana hujaa udongo hata kabla hujaingia ndani ya msitu wa Karura, na kuanzia hapo unaendesha kitu laini kama chapati iliyopakwa samli. Mwenzako mwenye 2.25 ya meno marefu yaliyoachana atakupita pale pale.

Udongo mwekundu wa Karura, Kikuyu na Limuru ukinyeshewa kiasi hulainika juu, lakini chini kidogo ardhi bado ni ngumu. Tairi isiyo pana sana hukata ule utelezi, ikafika chini na kushika. Iliyo pana kupita kiasi huelea juu. Ukienda hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, mambo yanageuka, kwa sababu kwenye vumbi na mchanga tairi nyembamba huzama na pana hupita. Wengi wetu tuna baiskeli moja ya kwenda kote huko, ndiyo maana nashauri ukae kati ya 2.25 na 2.4. Upana huo unatosha kukuruhusu kutumia upepo mdogo, na upepo mdogo ndio unaoifanya tairi ilalie mizizi na mawe badala ya kuyarukia.

Pima kabla ya kulipa

Soma ubavu wa tairi uliyo nayo. Utakuta namba kama 57-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa. 622 ni baiskeli ya inchi 29, 584 ni ya 27.5, na 559 ni zile za 26 ambazo bado zimejaa kwenye baiskeli za mtumba. Namba ya pili lazima ilingane kabisa, hakuna fundi atakayeinyoosha. Kwa wenye 26, chaguo linazidi kuwa finyu kila mwaka, kwa hiyo ukiona tairi nzuri ya saizi yako usiiache ukisema utarudi mwisho wa mwezi.

Halafu chukua ufunguo wa alen namba 6, wenye unene wa milimita 6, upitishe kati ya tairi na fremu, hasa nyuma, karibu na ekseli ya pedeli ambapo fremu hubana. Ukipita kwa shida na tairi uliyo nayo sasa, usiongeze upana. Matope yanahitaji nafasi ya kutokea, na nafasi ya milimita 6 ni kwa siku kavu. Kwa mvua ningependa 10. Fremu iliyosugua changarawe msimu mzima hulika rangi, kisha huanza kulika yenyewe. Mbele kwa kawaida kuna nafasi zaidi, nayo ni bahati, maana mbele ndiko upana unakohitajika.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi ni rimu. Rimu za baiskeli nyingi za mtumba zina upana wa ndani wa milimita 19 hivi, na mara nyingi zimeandikwa 622x19. Ukivisha humo tairi ya 2.5 inavimba juu na kubanwa chini, na kwenye kona unaisikia ikiyumba chini yako. Rimu ya 19 iishie 2.25. Ya 25 inabeba 2.35 vizuri. Kuanzia 30 ndipo zile pana za 2.4 na 2.5 zinapokaa zilivyokusudiwa.

Nafasi ya kwanza: Vittoria Barzo mbele, Mezcal nyuma

Hizi za kampuni ya Vittoria ni za mbio za msituni, si za kuteremka mlima kwa kasi, na ndiyo sababu naziweka juu. Baiskeli nyingi tunazoendesha hapa zina springi kwenye foki ya mbele tu na rimu za kawaida, na safari zetu huanza kwenye lami kabla ya kufika msituni. Meno ya Barzo yameachana vya kutosha kutema udongo mwekundu tairi ikizunguka, na haikuchoshi kwenye kupanda. Mezcal nyuma ina meno mafupi, inakwenda haraka kwenye vumbi, ila matope yakizidi itazunguka bure. Mimi nakubali hasara hiyo: tairi ya nyuma ikiteleza unayumba, ya mbele ikiteleza unaanguka. Anayeishi Limuru au anayekwenda mara kwa mara msitu wa Kereita, kule mvua na ukungu haviishi, avae Barzo pande zote mbili.

Ya pili: Schwalbe Nobby Nic

Kama unataka aina moja tu mbele na nyuma bila kufikiria zaidi, hii hapa. Meno yake ni makubwa kuliko ya Barzo, na ya pembeni yanasaidia sana unapoinamisha baiskeli kwenye kona yenye majani yaliyooza. Inauzwa katika upana kadhaa, na kwa rimu ya 25 ningechukua ile iliyo karibu na 2.35. Angalia rangi ya mstari kwenye meno, kwani Schwalbe hutumia rangi kuonyesha ulaini wa mpira: bluu ni wa kati, rangi ya chungwa ni laini zaidi. Chungwa mbele, bluu nyuma. Mpira laini nyuma ni pesa inayobaki kwenye lami ya Limuru Road.

Ya tatu: Maxxis Minion DHF, mbele tu

Tairi hii imekuwapo kwa zaidi ya miaka 20 na bado watu wanaipigania. Kati ya meno ya katikati na ya pembeni kuna mfereji mtupu, na mfereji huo ndio unaotema matope. Lakini una masharti: ukiendesha baiskeli ikiwa wima kwa woga, unaelea kati ya safu mbili za meno na unahisi kama hakuna kilichoshika. Lazima uinamishe. Kwa mtu anayeshuka Ngong Hills kwa nguvu, ningeipandisha hadi nafasi ya kwanza. Kwa anayeanza, hapana. Ile ya 2.5 yenye herufi WT imetengenezwa kwa rimu za kuanzia 30. Kwa rimu nyembamba kuliko hizo tafuta 2.3.

Magic Mary na Shorty

Nazitaja pamoja kwa sababu zote mbili ni nzuri sana na karibu wote wanaoniuliza hawazihitaji. Magic Mary ya Schwalbe ina meno marefu, mapana, yenye nafasi kubwa, na kwenye udongo mlaini kati ya zilizotangulia hakuna inayoifikia kwa usalama. Ni nzito pia, nyingi huvuka kilo moja kila moja, na kwenye mlima utajua. Shorty ya Maxxis imekwenda mbali zaidi, ni tairi ya matope hasa. Jua likiwaka siku tatu, njia ikakauka na kuwa ngumu, meno yale marefu hupinda chini yako na kukatika mapema. Mwenye magurudumu mawili ya mbele anaweza kuivisha kwenye moja, likae tayari kwa Aprili na Mei.

Za 2.8 na kuendelea naziweka mwisho. Kwenye mchanga ni starehe, kwenye matope ya kunata ni mzigo, na fremu nyingi haziziruhusu hata hivyo.

Vipi zile za dukani mtaani?

Zipo tairi za Kichina na Kihindi zenye waya, zisizokunjika, bei yake sehemu ndogo tu ya hizo nilizotaja. Usizidharau zote. Bonyeza jino kwa kucha: likiwa gumu kama plastiki, litateleza kwenye mizizi iliyolowa hata liwe refu namna gani. Likikubali kidogo, na meno yameachana kiasi cha kuingiza kidole, hiyo itakufaa kwa mwendo wa pole. Tairi ya mtumba ya kampuni kubwa huwa na mpira bora, lakini ikunje ubavu uone. Mipasuko midogo midogo kama nywele inamaanisha imekaa juani au stoo miaka mingi, na mpira umeshakufa.

Miiba ya migunga ndiyo itakayoamua kama utumie tyubu au la. Pande za Naivasha na Magadi, tairi isiyo na tyubu yenye dawa ya kuziba pancha ndani yake inakuokoa na kusimama kila mara, maana mwiba mdogo unazibwa ukiwa bado unaendesha. Tairi iwe imeandikwa kwamba inakubali kutumika hivyo: Maxxis huandika TR, Vittoria huandika TNT au TLR. Rimu nayo iwe ya aina hiyo. Joto hukausha dawa, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Kuhusu upepo, mtu wa kilo 75 kwenye 2.35 isiyo na tyubu aanze na psi 20 mbele na 23 nyuma, kisha apandishe au ashushe moja moja. Mwenye tyubu asishuke chini ya 27 hivi, la sivyo rimu itaikata kwenye jiwe la kwanza. Mashine ya kituo cha mafuta haifai kwa kazi hii: imepimwa kwa magari, na kama baiskeli yako ina vali nyembamba (Presta) utahitaji adapta. Nunua pampu ya mkono yenye geji.

Na ule udongo mweusi wa Kitengela na Athi River usiutafutie tairi. Ukilowa unashika gurudumu, unashika breki, unaziba foki mpaka baiskeli inasimama yenyewe, na hakuna jina katika orodha hii litakaloitoa. Siku hizo pita lami.

Kama pesa inatosha tairi moja, nunua ya mbele. Ile ya zamani ya mbele ihamishie nyuma, ukitazama mshale wa mzunguko ubavuni kabla ya kuivisha. Iliyotoka nyuma ikiwa imekwisha kabisa, kata ubavu wake vipande vya urefu wa kidole na ubebe kimoja mfukoni. Tairi ikipasuliwa na jiwe ukiwa mbali, kipande hicho kikiwekwa ndani kati ya tairi na tyubu kitakufikisha nyumbani.