Kompyuta ya Kuchezea Inayotamka Herufi: Haimfai Mtoto Anayeanza Kusema

Kompyuta za plastiki zinazotamka herufi, ambazo zimejaa katika maduka ya Kariakoo, huuzwa kwa ahadi kwamba zitamfundisha mtoto kusema. Yetu, isiyo na jina la kiwanda, tuliinunua kwa shilingi 15,000 kwa ajili ya binti wa mwaka mmoja na nusu. Uimara wake unastahili sifa, kwani huangushwa kila siku na vitufe havijang'oka, na kifuniko cha betri hufungwa kwa skrubu, jambo ambalo mzazi asilipuuze. Sauti ni kali mno na haipunguziki.

Kwa upande wa lugha, sifa zinakwisha. Kila kitufe hutoa herufi na jina moja la kitu kwa Kiingereza, kisha muziki, na kinachofunzwa kwa hakika ni kubonyeza. Kiswahili hakijengwi kwa majina yaliyotengwa. Mtoto anayeambiwa "kiatu chako kimechafuka, hebu vilete vyote viwili" anapokea upatanisho wa ki- na vi- ndani ya shughuli anayoielewa, bila somo lolote. Mwanaisimu Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi, alionyesha kwamba wanapoanza kuunganisha maneno huacha mara nyingi viambishi vya mwanzo wa kitenzi, na tabia hiyo hupungua kadiri wanavyokua. Anayesema "taka maji" basi hahitaji kukaripiwa; inatosha kumjibu, "Unataka maji? Haya, nakuletea," na hicho ndicho kompyuta hii haiwezi, kwa sababu haimsikii.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba inawanyamazisha watu wazima. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alirekodi wazazi 26 wakicheza nyumbani na watoto wao wa miezi 10 hadi 16: palipokuwa na vichezeo vya umeme, wazazi walisema maneno machache, na watoto wakatoa sauti chache, kuliko walipokuwa na vitabu. Nyumbani kwetu ni hivyohivyo; bibi yake akichambua maharage naye mazungumzo hayakatiki, lakini muziki ukianza, sote tunakaa kimya (na hatujui kwa nini tunauheshimu).

Mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili asiinunue kwa ajili ya lugha. Aliye nayo tayari aitoe betri, kisha akae na mtoto, wazitazame picha zake na kuulizana.