Excel kwa mchumi wa afya wa Mombasa: inafaa wapi, inakwama wapi

Anayetaka kuingia kwenye kazi ya uchumi wa afya hapa Pwani huuliza kwanza: ninunue programu gani? Jibu letu ni Excel, hiyo hiyo iliyoko kwenye kompyuta ya ofisi, na usinunue nyingine mpaka umalize modeli yako ya tatu, yaani faili ya hesabu inayokadiria gharama na faida za tiba miaka ijayo. TreeAge ni nzuri kwa kuchora miti ya maamuzi, ila leseni yake ni ya kulipia, na mhasibu wa kaunti utakayemtumia kazi hana programu hiyo. R, lugha ya programu ya takwimu, ni ya bure, na tutaifikia.

Kinachoitanguliza Excel ni wale watakaoisoma modeli. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, pesa za zahanati na hospitali za kaunti hupitia bunge la kaunti. Waraka wa sera ya fedha hutakiwa uwe mezani kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Modeli inayofika Machi imechelewa hata iwe nzuri vipi. Katika muda huo mfupi faili itapita kwa afisa wa mipango, mfamasia na mhasibu, na wengi wao hawajawahi kuandika programu. Kwenye Excel kila mmoja anaweza kubonyeza seli akaona namba imetoka wapi. Hilo pekee linatosha kuvumilia mengi.

Tuipime kwa kazi ya kawaida: kaunti iwalipie dawa za presha watu wa miaka 50, au mambo yabaki yalivyo? Karatasi sita ndani ya faili moja ya Excel zinatosha. Moja ya maelezo, moja ya vigezo, moja ya hali ilivyo sasa, moja ya mpango mpya, moja ya matokeo na moja ya ukaguzi. Namba zote zikae kwenye karatasi ya vigezo, kila mstari ukiwa na jina, thamani, kiwango cha chini na cha juu, chanzo, na mwaka wa bei. Ukichapa 0.03 ndani ya fomula badala ya kuielekeza kwenye vigezo, siku utakapobadilisha kiwango, seli moja itabaki na ile ya zamani na hakuna atakayejua.

Modeli yenyewe ina hali tatu: presha bila kiharusi, baada ya kiharusi, na kifo. Anza na watu 1,000, kila mstari uwe mwaka mmoja, na pembeni weka safu inayojumlisha hali zote tatu. Jumla ikisoma 999.7 usiendelee, mahali fulani jumla ya uwezekano wa kubaki katika hali au kuhama haifiki 1. Gharama na miaka ya afya (miaka ya kuishi, iliyopunguzwa kwa kadiri ya ugonjwa) uzihesabu kwa wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka, kwa kuwa watu hufa mwaka mzima na si Desemba 31 peke yake. Hatari ya kifo nayo ipande kwa umri, kutoka kwenye jedwali la vifo. Wanaoanza kazi hulisahau hili, na modeli yao inakuwa na wazee wa miaka 90 wanaokufa kwa kasi ya watu wa 50, na faida ya dawa inavimba bila sababu.

Udhaifu mkubwa wa Excel ni kwamba hainung'uniki. Mfano unaotokea mara nyingi kuliko yote: utafiti unasema 40% ya wagonjwa walifariki ndani ya miaka mitano, na mwandishi wa modeli anagawanya kwa tano, anaweka 8% kwa mwaka. Excel inakubali. Lakini 8% kila mwaka kwa miaka mitano huua 34.1% tu, kwa hiyo katika watu 1,000 wapo 59 waliofufuliwa na jedwali. Njia sahihi ni kuugeuza uwezekano kuwa kasi kwanza: toa logi asilia ya 0.6, ibadilishe alama, gawanya kwa tano, upate 0.1022, kisha urudi kwenye uwezekano kwa 1 kutoa EXP(-0.1022), yaani 9.7%. Fomula mbili fupi. Tungependa kila modeli inayofika ofisini ikaguliwe hapa kabla ya kwingine kokote.

Upande wa gharama, programu yoyote ni sawa. Kazi iko kwako, na Mombasa ina mitego yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii. Ni rahisi kuchukua gharama za Hospitali Kuu ya Pwani ukazigawanya kwa idadi hiyo. Ni kosa, maana hospitali hiyo hupokea rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Gawanya kwa wagonjwa waliotibiwa au kwa siku za kulazwa, na utenge wa kaunti nyingine kwenye mstari wao.

Ukihesabu kwa macho ya familia badala ya macho ya kaunti, nauli huingia. Mgonjwa wa Likoni anayevuka kwa miguu halipi feri, lakini anapanda matatu au tuktuk pande zote mbili, anapoteza saa za kazi, na mara nyingi ana mtu wa kumsindikiza. Andika vigezo viwili tofauti, pesa taslimu na muda, usivichanganye. Bei za bima nazo zinahitaji tarehe: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, kwa hiyo viwango vya malipo vya kabla ya hapo havielezi tena kaunti inalipwa nini. Dawa inayonunuliwa kwa dola ipandishwe kwa mwenendo wa thamani ya dola na mshahara wa muuguzi kwa mfumuko wa bei wa hapa. Kutumia kiwango kimoja kwa vyote viwili huharibu hesabu kimyakimya. Baada ya hapo punguza thamani ya miaka ijayo, kwa kawaida 3% kwa mwaka: shilingi 100,000 za mwaka wa kumi huhesabiwa kama 74,409 leo.

Kwenye matokeo, Excel hukupa uwiano wa gharama ya ziada kwa mwaka wa ziada wa afya kwa fomula moja. Mpango mpya ukiongeza shilingi 18,000 na miaka 0.3 ya afya kwa kila mtu, mwaka mmoja wa afya unagharimu 60,000. Ila uwiano ukiwa hasi hauelezi kitu peke yake, kwani dawa nafuu iliyo bora na dawa ghali iliyo mbovu zote hutoa hasi. Weka pia faida halisi kwa pesa. Kizingiti, yaani kiasi ambacho kaunti iko tayari kulipia mwaka mmoja wa afya, kikiwa shilingi 80,000, ni 0.3 mara 80,000 kutoa 18,000, yaani 6,000. Hii haina utata wa alama, na kamati huielewa upesi.

Ni kwenye kupima mashaka ndipo Excel inapoanza kuchoka. Kila kigezo kinahitaji mtawanyo wake, yaani umbo la thamani kinazoweza kuchukua: beta kwa uwezekano (wagonjwa 30 kati ya 200 wakipata kiharusi, weka 30 na 170), gama kwa gharama kwa sababu gharama haishuki chini ya sifuri, logi-normali kwa uwiano wa hatari (hatari ya anayetumia dawa ikigawanywa kwa ya asiyetumia). Gharama yenye wastani wa 60,000 na kosa sanifu la 15,000 huwa gama yenye umbo la 16 na kipimo cha 3,750. Kurudia hesabu mara 1,000, kila mara kwa thamani zilizochotwa kinasibu kwenye mitawanyo hiyo, hufanywa kwa jedwali la data (Data Table ya Excel), na hapo ndipo kompyuta huganda kila unapogusa seli. Zima ukokotoaji wa majedwali ya data, uwashe kwa F9 unapokuwa tayari. Namba nasibu za Excel hubadilika kila faili ikifunguliwa, kwa hiyo matokeo ya mwisho uyabandike kama thamani, la sivyo ripoti na faili hazitafanana. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, inaimudu kazi yote ya awali, lakini jedwali la data kwake lina jina na njia tofauti, na makro za Excel huweza kukataa.

Ukifika hapa ndipo R inapostahili muda wako. Unaweka mbegu moja (namba ya kuanzishia namba nasibu) kwa set.seed na matokeo yanarudi yale yale kesho, marudio 10,000 si shida, na vifurushi vya heemod, hesim na BCEA vimeandikwa kwa kazi hii hii. Ukishavipakua havihitaji bando tena. Ushauri wetu ni R kwa mashaka, Excel kwa modeli ya msingi, na matokeo ya zote mbili yalinganishwe mpaka yakutane.

Kwa magonjwa ya kuambukiza Excel ya namna hii isitumike. Watu 1,000 wa jedwali hawaambukizani, kwa hiyo chanjo itaonekana kumkinga aliyechanjwa peke yake, na jirani aliyenusurika kwa sababu yake hahesabiwi. Dengue au surua zinataka modeli ya maambukizi.

Hifadhi kwa xlsx, kamwe si xls. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa Covid kwa sababu faili za xls huishia mstari wa 65,536. Kabla ya kutuma, weka uwiano wa hatari wa dawa kuwa 1, yaani haifanyi kitu, na bei yake sifuri. Karatasi mbili za hesabu, ya hali ilivyo sasa na ya mpango mpya, zinatakiwa zitoe namba zile zile hadi desimali ya mwisho. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, faili haijawa tayari kutoka.