Betri ya kuvulia sambaza usiku: uzoefu wangu Bukavu

Mwezi ukiwa mkubwa, sambaza, wale samaki wadogo tunaowavuta kwa taa usiku, hawaji. Kila mvuvi wa Ziwa Kivu analijua hilo, kwa hiyo siku zile tunakaa nchi kavu, tunashona nyavu na kuziba mitumbwi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ndizo siku zilizokuwa zinaniulia betri.

Tulipoachana na karabai, nilinunua taa nne za LED, wati 10 kila moja, na betri ya gari ya Ah 70 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) pale soko la Kadutu. Muuzaji aliapa kwamba inawasha hata lori. Hakusema uongo, ila mimi sina lori. Betri ya gari ina bamba nyembamba za risasi; kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha dinamo inaijaza tena palepale. Mimi nilikuwa naikamua mpaka alfajiri. Piga hesabu: wati 40 kwa volti 12 ni ampea 3 na kitu. Kwa muda wa saa kumi majini, Ah 33 zimekwenda, karibu nusu ya betri, kila usiku.

Halafu mwezi ukikua, naisukuma chini ya kitanda hivyo hivyo, nusu tupu, wiki nzima au zaidi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji hujenga ganda la salfeti kwenye bamba, na ganda hilo likishakomaa, chaja hailitoi. Mwezi wa tano tangu niinunue, taa zikaanza kufifia saa saba za usiku, samaki ndiyo kwanza wanapanda, ekipe nzima inanitazama mimi. Fundi aliichaji, akaipima: volti 12.6. Nikafurahi. Akaifungia balbu ya taa kubwa ya gari, na kabla hatujamaliza chai ilikuwa imeshuka chini ya 11. Tangu siku hiyo sinunui betri kwa kuangalia volti peke yake. Nataka kuiona ikibeba mzigo.

Sasa natumia AGM (nayo ni betri ya risasi) ya Ah 100, ile ya kutoa umeme polepole, yenye bamba nene. Imezibwa, hivyo mawimbi yakitupiga tindikali haimwagiki miguuni. Ubaya wake ni uzito, karibu kilo 30. Tunaikalisha chini kabisa katika mtumbwi wa katikati, kati ya mitatu tunayoifunga pamoja, juu ya ubao. Ikipumzika na kusoma 12.2 najua imebaki nusu, na hapo nazima taa mbili hata wenzangu wakinung'unika. Siku za mwezi inakaa nyumbani kwenye paneli ya jua ya wati 100 na kidhibiti chake cha chaji. Paneli hiyo jua likiwaka vizuri inakaribia kurudisha matumizi ya usiku mmoja. Msimu wa mvua haifui dafu, naibeba mjini kulipia chaji. Mwaka na nusu sasa, taa hazijafifia.

Fyuzi nimeifunga karibu na ncha ya chanya, si kule kwenye taa, maana waya ukichunika katikati ya njia ndipo moto unapoanzia. Na mwenye moteri ya kuwasha kwa ufunguo aiwekee betri yake peke yake, asije akakesha na taa halafu asubuhi apige kasia.

Shemeji yangu wa kisiwa cha Idjwi alichukua lithiamu, ile ya fosfati ya chuma, Ah 50 tu. Anaibeba kwa mkono mmoja. Anaitumia mpaka karibu iishe bila kuiumiza, na kuikalisha nusu tupu siku za mwezi haiidhuru. Bei yake kwetu ilikuwa karibu mara mbili ya yangu, na chaja ya zamani ya risasi haikuifaa, akanunua nyingine. Lakini haifahamishi. Betri ya risasi hufifia, ukajua. Hii ina kikatio ndani, ikifika mwisho inakata. Usiku mmoja tulikuwa tumetia nyavu karibu naye, taa zake zikazimika zote kwa mpigo mmoja, tukamtafuta kwa sauti tu gizani.

Nikipata pesa nitaichukua hata hivyo, ila pamoja na kile kipimo kidogo kinachoonyesha asilimia iliyobaki. Yeye alikiona ni anasa.