Pikipiki ya theluji ya dola 900: "kabureta zimesafishwa" iliyoniunguzia pistoni

Nyota moja kwa muuzaji, na hiyo moja ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri. Kuhusu mashine yenyewe bado nabishana na nafsi yangu.

Yeyote anayetafuta pikipiki ya theluji ya kwanza, ya mtumba, hapa Minnesota, Marekani, ameshayaona matangazo haya: "Kabureta zimesafishwa, tayari kuendeshwa." Yangu ilikuja na maneno hayohayo. Injini ya tu-stroki, silinda mbili, ya kupozwa kwa feni, umri wake ni wa miaka ya tisini. Majira ya baridi hayajafika hata nusu, pistoni ya upande wa kamba ya kuwashia ikaungua.

Kabureta zile, vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hazikusafishwa. Zilipuliziwa dawa kwa nje zikang'aa, basi. Skrubu nne zinazoshika kikombe cha chini zilikuwa na kutu hadi ndani ya mfereji wa bisibisi. Hakuna mkono uliozigusa kwa miaka. Ndani, petroli yenye ethanoli iliyolala kiangazi kizima ilikuwa imekauka na kuacha utando wa kijani unaonata. Jeti ni kipande kinachopima petroli inayopita; ile ndogo, ya resi za chini, ina tundu lisilozidi nusu milimita. Ukiielekeza kwenye taa unatakiwa kuona nukta ya mwanga. Ya upande ulioungua haikuonyesha kitu.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hiyo nivumilieni. Jeti ndogo ndiyo inayotawala kuanzia injini ikiunguruma imesimama mpaka kama robo ya resi. Na mwanafunzi anaendeshaje? Robo ya resi! Anakwenda polepole, anaachia, anagusa tena. Kwa hiyo mtu mpole, anayejifunza, anayedhani anaitunza mashine, anakaa muda wote pale ambapo hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Kwenye tu-stroki petroli inayoingia ndiyo inayopoza kichwa cha pistoni. Ikipungua, alumini inapata moto, inavimba, inajipaka kwenye ukuta wa silinda, hasa upande wa ekzosi. Kabla ya kujam injini hupandisha resi kidogo yenyewe, unafurahi, unasema leo ina nguvu. Halafu kimya.

Plagi zilitoa ushahidi: moja kahawia kama inavyotakiwa, nyingine nyeupe kama chaki. Ingekuwa ni mkanda wa feni umekatika, zote mbili zingeumia. Na kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini upande huohuo kulikuwa na ufa chini ya klipu, unaovuta hewa ya ziada. Ufa huo huuoni mpaka uukunje mpira kwa kidole.

Dalili ilikuwepo tangu siku ya kununua. Ukipiga resi na kuachia, injini yenye afya inashuka mara moja. Hii ilibaki juu, ikaning'inia sekunde kadhaa ndipo ikashuka. Muuzaji akasema, "Ni baridi tu." Kinachoudhi ni kwamba kuna punje ya ukweli: hewa ya baridi ni nzito, jeti ileile inatoa mchanganyiko mkavu zaidi, wenye petroli kidogo, kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri kuliko kwenye sifuri, ndiyo maana jeti kubwa, ile ya resi za juu, huchaguliwa kwa halijoto na mwinuko wa mahali. Lakini baridi haiziathiri kabureta upande mmoja tu, bwana. Nilipompigia baada ya kufungua injini alijibu, "Kwa bei hiyo ulitegemea nini?" akakata simu.

Nilitegemea skrubu nne zifunguliwe. Kazi ya saa moja na kopo moja la dawa! Unatoa kikombe, unafungua jeti zote mbili, unapuliza dawa halafu hewa ya kompresa, unaangalia mwanga. Usichokoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na vipimo vyote vitaharibika.

Wengi watakwambia pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Pima, ndiyo: injini baridi, plagi zote zimetolewa na kugusishwa bodi, resi wazi kabisa, vuta kamba mpaka mshale usimame. Kwa injini nyingi za aina hii psi 120 ni nzuri, chini ya 100 ondoka, na tofauti ya silinda mbili isizidi asilimia 10. Ila geji haioni jeti iliyoziba. Yangu ilisoma vizuri pande zote mbili. Kinachoona ni macho: mwombe muuzaji ufungue kikombe kimoja mbele yake, na ununuse petroli iliyomo. Ikinuka vanishi, maneno ya tangazo yameisha. Fika pia bila kumpa saa kamili, uguse ekzosi. Ikiwa ya moto, ameshaiwasha kuficha jinsi inavyokataa asubuhi. Kisha washa na upulize dawa ya kabureta kwenye ile mipira. Resi zikibadilika, kuna hewa inaingia.

Mengine kwa haraka: mkanda wa klachi uliopungua milimita 3 kwa upana ubadilishwe, na beba wa akiba, tazama reli za plastiki zinazoteleza ndani ya mkanda wa chini, zinaisha upesi kwenye theluji haba kwa kuwa theluji ndiyo grisi yake, na namba ya chasisi ilingane na usajili wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo. Aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1976 na ni mkazi wa Minnesota anahitaji cheti cha usalama ili aendeshe popote jimboni.

Sasa mashine. Nilianza kuandika nikitaka kusema msiiguse. Lakini injini ya feni haina rejeta wala pampu ya maji ya kuvuja, na silinda zake zina shati la chuma cha kutupwa ndani, zinachongwa ova saizi, yaani kupanuliwa kwa pistoni kubwa kidogo, na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchongea. Pistoni mbili na ringi, gasketi, mipira mipya, kuchonga: kama dola 400 jumla. Tangu hapo inashika kwa kuvuta mara ya pili, na resi zikiachiwa zinashuka palepale. Nyota nne. Hapana, tatu, kiti chake ni ubao.

Na kama una fundi na gereji, nakwambia hivi: iliyoandikwa "injini imekufa" kwa dola 300 ni ununuzi bora kuliko yoyote "iliyosafishwa" kwa 900. Pistoni utazibadilisha kwa zote mbili.