Mihuri ya kadi niliyochongesha kwa fundi wa mihuri ya ofisi, Moshi: uzoefu wangu

Kama unatengeneza kadi za mkono na unaishi Moshi au Arusha, fundi wa mihuri ya ofisi ni mtu wa kumjua. Namzungumzia yule wa kibanda cha karibu na stendi, mwenye bango la mihuri, fotokopi na laminesheni, ambaye siku nzima anachonga vyeo vya wenyeviti wa mitaa na majina ya shule za awali. Mashine hiyo hiyo inachonga jani, ua, ndege au mlima uliouchora wewe mwenyewe. Nilianza kumpelekea kazi kabla ya msimu wa Krismasi uliopita, nikarudi kwa ajili ya kadi za kipaimara, na hadi leo mihuri yake ndiyo ninayoishika zaidi mezani kwangu.

Nieleze kwanza kadi zangu zilivyo. Sichapi kwa kompyuta. Nachukua karatasi nzito ya gramu 300, napaka puti (ile ya kulainishia kuta) yenye michirizi, naitia rangi au kahawa, nabandika kipande cha ganda la mgomba au kitenge, halafu juu yake nagonga muhuri. Wateja wangu wengi wanataka kadi za kipaimara, send-off na harusi, na Desemba ndiyo neema yenyewe, Wachaga wakirudi nyumbani kutoka kila pembe. Kadi za mchango siku hizi zinatumwa kwa WhatsApp, na ni sawa kabisa, zinaokoa gharama. Lakini kadi anayokabidhiwa bibi harusi mkononi bado ina wenyewe. Mtu akiishika, kitu cha kwanza anapitisha kidole juu ya ile puti.

Nina pia seti ya mihuri angavu ya kuagiza, ile laini ya kubandika kwenye kipande cha plastiki ngumu kabla ya kugonga. Siisemi vibaya. Unaona moja kwa moja mahali unapogonga, na inasafishika kwa urahisi. Tatizo ni michoro: misonobari, chembe za theluji, vikombe vya chai vyenye vitambaa vya lesi, na maneno ya pongezi kwa Kiingereza. Mama wa Marangu anayemnunulia binti yake kadi ya kipaimara hana habari na theluji ya namna hiyo, theluji yake iko juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

Mimi nilitaka isale. Asiyelijua, hili ni jani refu, jembamba, linaloota kwa kujipanga kuzunguka shina, na utaliona limepandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, na kwenye makaburi ya wazee. Kwa Wachaga ndilo jani la amani na la kuombea msamaha. Aliyekosa akipeleka isale kwa aliyemkosea, mwenye kinyongo hupata taabu sana kukataa suluhu. Hakuna kiwanda cha nje kitakachochonga muhuri wa isale, na bila isale kadi ya kuombana radhi haijakamilika hapa kwetu. Kadi hiyo ilikuwa ya kwanza kuisha. Mama mmoja aliichukua ampelekee dada yake ambaye hawakuwa wakisemezana, akaniomba nisiandike neno lolote ndani.

Sasa kazi yenyewe. Unachora kwa kalamu nyeusi ya wino kwenye karatasi nyeupe safi, bila penseli na bila vivuli, kwa sababu muhuri haujui kijivu. Una mahali penye wino na mahali pasipo na wino, basi. Fundi anaskani, anaugeuza mchoro kama kwenye kioo, kisha mashine ya leza inaunguza mpira pale pasipotakiwa wino na kuacha mistari yako imeinuka. Mafundi wengine, badala ya mpira, wanatumia polima, plastiki inayogandishwa kwa mwanga: wanaweka filamu ya mchoro juu, wanamulika kwa taa za urujuanimno, panapopata mwanga panakuwa pagumu, na panapobaki laini panaoshwa. Njia zote mbili zinafaa kwa kadi. Wa leza unadumu, na ule wa polima ni laini zaidi hivyo unajikunja kidogo juu ya uso usio sawa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, na kazi zako zina puti nyingi, chukua polima, lakini usiuache juani maana unakuwa wa njano na unakakamaa.

Fundi wangu aliniuliza kwanza barua ya ofisi, kama ada yake kwa kila muhuri. Alipoona ni jani alicheka akaendelea na kazi, na nilipenda kwamba aliuliza. Kwa muhuri wenye kipini cha mbao wa milimita 40 kwa 60 nililipa shilingi 15,000, na ule wa kujipaka wino wenyewe ulikuwa karibu mara mbili. Usinunue huo wa pili kwa kadi. Ule ni wa mapokezi ya ofisi, wino wake ni mmoja tu na huwezi kuubonyeza kwa upole upande mmoja ukauzidisha upande mwingine. Kipini cha mbao kinakupa mkono wako wote.

Kuhusu ukubwa, karatasi ya A4 ukiikata katikati unapata A5 mbili, na kila moja ukiikunja inakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148. Inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162. Muhuri wa 40 kwa 60 unakaa juu ya kadi hiyo ukiacha nafasi ya puti kuonekana. Ukichongesha mkubwa zaidi, muhuri unameza kadi yote.

Muhuri wa isale ulipofika mkononi niligonga mara ya kwanza kwenye karatasi tupu. Majani yalitoka makali, mshipa wa katikati ukaonekana, lakini kuzunguka jani kulikuwa na madoa na vistari vya wino ambavyo sikuvichora. Huo ndio udhaifu mkubwa wa mihuri ya mafundi wetu: leza haikuchimba kwa kina cha kutosha, hivyo mpira wa chini nao unagusa wino. Kwenye muhuri wa ofisi haionekani sana, kwa kuwa una fremu ya duara au ya pembe nne inayozuia. Kwenye jani lisilo na fremu inaonekana mara moja. Nilimrudishia, akaongeza nguvu ya leza na kurudia bila kudai hela, na kingo zilizobaki tulizikata kwa wembe, wembe ukiulaza kutoka kwenye mstari kwenda nje ili mstari usibaki bila mguu wa kusimamia. Kwa hiyo unapoagiza, sema tangu mwanzo: chimba kwa kina, na kata mpira ufuate umbo la mchoro. Mistari isiwe chini ya nusu milimita. Manyoya ya ndege niliyoyachora kwa kalamu nyembamba yalikatika, na hilo si kosa la fundi bali ndivyo mpira ulivyo.

Nifike kwenye puti, maana hapo ndipo watu wengi wanapoachana na mihuri wakidhani ni mibovu.

Puti ya ukutani inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na mfuko mdogo unatosha kadi nyingi. Peke yake haifai, kwani ikikauka juu ya karatasi inayopinda inapasuka na kubanduka. Changanya na gundi nyeupe ya mbao, vijiko vitatu vya puti kwa kimoja cha gundi, hadi iwe nzito kama mtindi mgando. Ipake kwa kadi ya plastiki ya zamani, unene wa milimita moja, usizidi mbili, na uache kama sentimita moja kutoka kwenye mkunjo. Kabla haijakauka weka alama: kipande cha neti ya vitunguu kinatoa vyumba vya pembe, wavu wa dirishani unatoa vitobo vidogo kama kitambaa, boksi lililochanwa juu linatoa mistari ya matuta, na filamu ya zamani ya eksirei inakatika vizuri kuwa stenseli isiyolowana. Napenda neti ya vitunguu kuliko zote. Ukiinyanyua taratibu kutoka pembe moja, puti inasimama kidogo kwenye kila fundo, na ukija kuipitishia kahawa nzito, rangi inatuama ndani ya vyumba na kuacha kingo nyeupe. Kadi itajikunja kwa maji. Lowesha kidogo upande wa nyuma kisha iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Tatizo ni kwamba muhuri unataka uso laini na puti ina milima na mabonde. Ukigonga juu yake hivi hivi unapata nusu ya jani. Njia ninayoitumia mara nyingi ni kupanga mapema: naacha uwanda katikati ya puti, wa ukubwa wa muhuri, na nikishakausha naupitisha msasa laini wa 320 mpaka kidole kisikwame. Njia ya pili ni kuweka kitu laini chini ya kadi. Soli ya ndala ya zamani inafaa kuliko chochote: ukibonyeza, kadi inazama kidogo na mabonde yanakutana na mpira. Ndiyo maana pia namwomba fundi aweke sponji nyembamba kati ya mpira na mbao, badala ya kubandika mpira moja kwa moja kwenye kipini.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo inayotoa kadi ninazozipenda zaidi. Gonga muhuri kwenye tishu ya mezani uliyoitenganisha ukabaki na tabaka moja, iache ikauke, chana kuzunguka mchoro kwa vidole na si kwa mkasi, kisha ibandike juu ya puti kwa gundi uliyoipunguza kwa maji, ukiisukuma kwa brashi iingie mabondeni. Ikikauka, karatasi inapotea na jani linabaki kama lilichorwa juu ya ukuta. Hapa muhuri unapata uso laini unaoutaka na wewe unapata puti yako bila kupunguza kitu.

Lakini njia hiyo itaharibika kama utatumia wino wa ofisi. Wino wa pedi za ofisi kwa kawaida ni wa maji: ukipitisha gundi juu yake unatapakaa, na kwenye puti isiyopakwa rangi unanyonywa na kusambaa hadi jani linakuwa doa. Tena ule wa zambarau unafifia ukikaa juani, na kadi ya harusi watu huiweka dirishani. Nilichoamua ni hiki. Kwa kugonga juu ya puti, napaka kwanza tabaka jembamba la rangi nyeupe ya maji ya ukutani, halafu kwenye muhuri napiga rangi ya akriliki kwa kipande cha sponji, kidogo sana. Muhuri nausafisha papo hapo kwa sabuni na mswaki laini. Akriliki ikikaukia ndani ya mistari, muhuri umekwisha. Usitumie petroli kuusafisha. Kwa tishu natumia StazOn nyeusi, wino usiotegemea maji ambao unakauka hata juu ya kioo. Sijauona madukani Moshi, niliagiza kwa mtu aliyekuwa anakuja kutoka Nairobi, na ndicho kitu pekee cha nje ambacho sijakipatia mbadala.

Unga wa kuinua maandishi, ule wa kunyunyiza juu ya wino mbichi ukayeyuka na kung'aa, nao unakubali mihuri hii. Draya ya nywele haina joto la kutosha na inapeperusha unga. Mimi nashika kadi kwa koleo juu ya pasi iliyopata moto, uso wa kadi ukiangalia juu, na unga unayeyuka kutoka chini.

Kwa bei, muhuri mmoja wa fundi unaweza kukaribia bei ya seti nzima ya michoro mingi ya kuagiza, hivyo anayetaka michoro ya kujaribu jaribu atapata nafuu huko. Mwenye mchoro wake anaourudia kila msimu, gharama inarudi haraka. Wenye oda za maduka ya zawadi Arusha nawashauri waanze na mchoro mmoja wa Mlima Meru, mistari minene, kwa sababu mteja wa huko anabeba kadi kwenye begi na puti nene inasagika; milimita moja inatosha, na paka gundi iliyopunguzwa juu yake. Maneno ya mwaliko yenye herufi ndogo msimpelekee fundi kabisa. Herufi chini ya pointi 10 zinajaa wino na "a" inafanana na "o". Mimi huandika kwa mkono, na mwezi huu nimempelekea oda ya neno moja tu, "Hongera", herufi nene, kwa ajili ya mahafali.